Mwongozo kamili wa kuandika manukuu ya Kiswahili kwa sehemu ya vampaya katika Supernatural

Kila ninapoletewa manukuu ya Kiswahili (maandishi ya tafsiri yanayoonekana chini ya skrini) ya tamthilia za kuwinda mazimwi ili niyapitie, hukuta kosa lile lile, na mara nyingi limefanywa na watu wanaokijua Kiingereza vizuri na Kiswahili vizuri zaidi. Muda umepangwa sawasawa na tahajia haina dosari, lakini wahusika wote wanazungumza kwa sauti moja, kiasi kwamba mtazamaji anayetegemea maandishi peke yake haelewi kwa nini ndugu wawili wanafika hatua ya kupigana.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: "Bloodlust", sehemu ya 3 ya msimu wa 2 wa Supernatural, tamthilia ya Kimarekani ya ndugu wawili wanaowinda mazimwi, iliyorushwa Marekani tarehe 12 Oktoba 2006. Iliandikwa na Sera Gamble na kuongozwa na Robert Singer. Nimeichagua kwa sababu ugomvi wake wote umesimama juu ya swali moja, kama vampaya, kiumbe wa kubuni anayekunywa damu, ni mtu au ni kitu, na Kiswahili hakimruhusu mfasiri kulikwepa swali hilo hata katika sentensi ya maneno mawili. Ambaye hajaitazama ajue kwamba maelezo yafuatayo yanafichua mwisho wake.

## Vitu vinavyohitajika

- Nakala halali ya sehemu yenyewe, pamoja na manukuu yake ya Kiingereza.
- Programu ya kuhariri manukuu. Subtitle Edit na Aegisub hupatikana bila malipo na zote mbili zinatosha.
- Vipokea sauti vya masikioni. Mazungumzo mengi ya tamthilia hii hufanyika kwa sauti ya chini, ndani ya gari au gizani.
- Kamusi ya Kiswahili sanifu, na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili.
- Daftari la karatasi. Utaliona umuhimu wake katika hatua ya tatu.
- Watu wawili wasomao Kiswahili ambao hawajaitazama sehemu hiyo. Waandae mapema, na usiwasimulie chochote.

Jambo la haki lisiachwe nyuma. Manukuu ni tafsiri, na tafsiri ya kazi ya mtu huhitaji ruhusa ya mwenye haki kabla ya kusambazwa. Mwongozo huu unafaa kwa mazoezi binafsi, kwa darasa la tafsiri, na kwa yule ambaye tayari amepewa kazi hiyo.

## Hatua ya 1: Tazama mara mbili bila kuandika

Mara ya kwanza tazama kama mtazamaji wa kawaida. Mara ya pili andika daftarini, kwa kila onyesho, nani anajua nini.

Sababu yake ni kwamba sehemu hii inaanza kwa udanganyifu. Mwanamke anakimbia msituni usiku, anakamatwa na kukatwa kichwa, nasi tunamhurumia kama mhanga asiye na hatia. Baadaye, katika chumba cha maiti mjini Red Lodge, jimbo la Montana, ndugu wawili Dean na Sam Winchester wanapekua ufizi wa kichwa kilichokatwa na kukuta jino lililofichwa ndani yake. Hapo ndipo tunapotambua kwamba yule aliyekuwa akikimbia ndiye vampaya, na aliyekuwa akimfukuza ni mwindaji. Mfasiri aliyeanza kazi kabla ya kufika chumba cha maiti huweza kuutoboa mtego huo kwa neno moja tu la mapema.

Tahadhari: programu nyingi siku hizi hutafsiri faili zima kwa mkupuo. Usianze na tafsiri hiyo hata kama nia yako ni kuirekebisha baadaye, kwa sababu sentensi iliyokwisha kukaa kwenye skrini hushika akili, na utajikuta unarekebisha herufi badala ya kurekebisha maana.

Umefaulu ikiwa unaweza kumsimulia mtu mpangilio wa matukio bila kurudi kwenye video, ukitaja ni wakati gani Sam anatekwa, nani anamteka, na kwa nini anaachiliwa akiwa mzima.

## Hatua ya 2: Chagua jina la kiumbe, na ulilinde

Yapo majina manne ambayo watu huyatumia, na hayalingani hata kidogo.

"Popobawa" lisitumike. Ni habari ya Pemba na Unguja, na ingawa jina lake lina popo ndani yake, simulizi zake hazihusu unywaji wa damu. Ukiliandika, mtazamaji wa Zanzibar ataelewa jambo jingine kabisa, na jambo lenyewe ni zito.

"Mumiani" pia halifai, japo wengi hulikimbilia kwa kuwa linasikika la Kiswahili zaidi. Mumiani katika masimulizi ya pwani na bara ni binadamu mwenye kazi yake, anayesemekana kukamata watu na kuwatoa damu ili iuzwe au itengenezwe dawa. Hanywi damu hiyo, hafufuki, wala hana meno ya ajabu. Vampaya wa Supernatural yuko kinyume chake: alikuwa mtu, akageuzwa na vampaya mwingine, na sasa damu ni chakula chake.

Limebaki "mnyonya damu", na hapa nawaomba wasomaji wangu tusimame kidogo. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wa kilimo waliotoka Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji walioamini kwamba wageni hao ni wanyonya damu. Watu hao walikuwa kazini. Kwetu sisi neno hili bado linaweza kumfikisha mtu asiye na kosa kaburini, na kwa hiyo haliwezi kutupwa kwenye skrini mara arobaini ndani ya saa moja kana kwamba ni jina la mnyama wa hadithi tu.

Pendekezo langu ni "vampaya", neno la mkopo ambalo watazamaji wa filamu wanalielewa, na ambalo linamtaja kiumbe wa kubuni bila kumgusa jirani wa mtu yeyote. Lipe upatanisho wa viumbe hai: vampaya huyu, vampaya hawa. Kisha "mnyonya damu" liweke akiba kwa ajili ya kinywa kimoja, cha Gordon Walker, yule mwindaji aliyeigizwa na Sterling K. Brown. Gordon anaamini kwamba kumtambua adui kunatosha kuhalalisha kumuua. Neno linalofanana na uvumi wa kijijini linamfaa yeye, na kwa mtazamaji wetu litabeba tishio ambalo kwa Kiingereza halimo.

Umefaulu ikiwa ukitafuta "mnyonya" katika faili lako unalikuta kwenye mistari ya Gordon peke yake.

## Hatua ya 3: Panga viambishi vya kila mhusika

Hii ndiyo hatua ambayo takriban kila mtu anaikosea, na ningependa msomaji aipe muda kuliko nyingine zote.

Kiingereza kina neno moja la wingi linalotaja watu na vitu kwa pamoja. Mhusika akisema kwamba kundi hilo lazima liuawe, mtazamaji wa Kiingereza hapati dalili yoyote kama msemaji anawafikiria watu au vitu. Kiswahili hakina mahali pa kujificha namna hiyo. Lazima uandike "tuwaue" au "tuviue", "waliko" au "viliko", "nani hawa" au "nini hivi". Mfasiri asiyetambua kwamba anachagua huandika "wa-" kila mahali kwa mazoea, na kwa kufanya hivyo anakuwa amempa Sam ushindi wa mjadala kabla mjadala haujaanza.

Chora jedwali katika daftari. Mistari iwe wahusika, na safu ziwe maonyesho. Katika kila kisanduku andika kama mhusika huyo, katika onyesho hilo, anatumia upatanisho wa mtu au wa kitu. Jedwali langu la sehemu hii liko hivi.

Gordon hutumia upatanisho wa kitu tangu anapokutana na ndugu hao hadi mwisho, bila kubadilika. Anaposimulia habari ya dada yake, sikiliza kwa makini zaidi. Mara ya kwanza anaeleza kwamba vampaya alimchukua dada yake, na hapo dada bado ni "a-". Baadaye anakiri kwamba dada huyo aligeuzwa, naye mwenyewe akamtafuta na kumuua. Katika ungamo hilo mwache aanze na "a-" kisha aangukie "ki-" sentensi moja baadaye. Mfano niliotunga mwenyewe kuonyesha jambo hilo ni huu:

Dada yangu aligeuzwa.
Nikakitafuta kile kitu, nikakiua.

Mtazamaji hataambiwa na mtu yeyote kwamba Gordon amemfuta dada yake katika ubinadamu, lakini ataliona kwa macho yake katika herufi mbili.

Sam huanza na upatanisho wa kitu kama walivyolelewa na baba yao. Hubadilika anapotekwa na kupelekwa mbele ya Lenore, kiongozi wa kundi hilo aliyeigizwa na Amber Benson, ambaye anamweleza kwamba wao wameacha kuua watu na wanaishi kwa damu ya ng'ombe. Tangu pale Sam hutumia "a-" na "wa-" mpaka mwisho, hata anapogombana na kaka yake.

Dean ndiye mwenye safari ndefu. Katika chumba cha maiti hutumia upatanisho wa kitu. Baada ya kumkata vampaya kichwa kwa msumeno wa mashine, wakati anapokaa na Gordon na kuanza kumwona kama badala ya baba aliyefariki, bado ni kitu, tena kwa furaha. Sam anaporudi na habari za Lenore, kaka mtu anashikilia kitu huku mdogo mtu akisema mtu, na ugomvi huo unaishia Dean kumpiga Sam ngumi. Mtazamaji wetu anapaswa kuona maneno yenyewe yakigongana kabla ya ngumi kurushwa.

Onyesho la nyumba ya Lenore linahitaji uangalifu wa pekee. Gordon amemfunga kwenye kiti na anamtesa kwa kisu kilichopakwa damu ya maiti, ambayo kwa vampaya wa tamthilia hii ni sumu. Dean anafika na kuona. Hapo mwondolee Dean viambishi vyote viwili kwa kadiri inavyowezekana, azungumze kwa sentensi zisizomtaja Lenore kama mtu wala kama kitu: "Inatosha." "Weka kisu chini." Ukimya huo wa kisarufi ndio mashaka yake. Kisha Gordon anamchana Sam mkono na kudondosha damu usoni mwa Lenore ili athibitishe kwamba tabia yake haijabadilika. Meno yanamtoka, anatetemeka, na anakataa. Neno lake la kukataa ni fupi, na wengi huandika "Hapana". Mimi nimeandika "Sitaki", kwa sababu kinachothibitishwa pale ni kwamba ana utashi, na "sitaki" linabeba utashi wakati "hapana" hujibu swali tu. Sentensi ya kwanza ya Dean baada ya hapo, anapomtaka Sam amtoe Lenore nje, iwe na "-m-": "Mtoe hapa."

Tahadhari: upatanisho wa kitu ukitokea ghafla, msomaji atadhani ni kosa la sarufi, hasa msomaji aliyefunzwa vizuri kwamba viumbe hai hufuata A-WA hata jina lake likiwa katika ngeli nyingine. Dawa yake ni kuliweka neno "kitu" au "vitu" wazi mara ya kwanza mhusika anapozungumza katika onyesho, ili "ki-" na "vi-" zinazofuata zipate mahali pa kushika. "Kiumbe" haisaidii, kwa kuwa wengi wetu husema "kiumbe huyu".

Umefaulu ikiwa, ukisoma mistari ya Dean peke yake kwa mfululizo bila video, unaweza kuweka kidole mahali anapobadilika.

## Hatua ya 4: Andika kamusi ndogo kabla ya kugusa mstari wa kwanza

Kamusi hii ni ya maneno yanayojirudia tu. Bila kamusi, neno moja litatafsiriwa kwa njia tatu kulingana na uchovu wako wa usiku huo.

Damu ya maiti. Usiandike "damu ya mfu". Vampaya mwenyewe huweza kudhaniwa ni mfu, na mtazamaji atafikiri ni damu yake. Maiti ni mwili wa binadamu aliyekufa, na hivyo ndivyo hadithi inavyotaka.

Maiti na mzoga. Binadamu aliyekufa ni maiti, mnyama ni mzoga. Ng'ombe waliokutwa wamekaushwa damu ni mizoga. Mwili uliokatwa kichwa ni maiti kwa sherifu na kwa daktari. Ikiwa Gordon ana sentensi ya kuutaja, unaweza kumpa "mzoga", na utakuwa umeendelea na kazi ya hatua ya tatu kwa njia nyingine.

Kukata kichwa. Lisibadilishwe kuwa "kuchinja". Ng'ombe wamo katika hadithi hii, na kuchinja kwa wasomaji wengi wa pwani ni tendo lenye utaratibu na jina la Mungu ndani yake. Ukilichanganya na mauaji ya msituni, maana mbili zitagombana. Jihadhari pia na amri ya kukata inayomlenga mtu: "mkate" kwenye skrini husomeka kwanza kama chakula, na jicho hupoteza nusu sekunde likirudi nyuma. Andika "Ondoa kichwa" au "Kikate kichwa chake".

Meno. Wengi huandika "chonge" kwa kuwa vampaya wa filamu nyingine wana chonge mbili ndefu. Vampaya wa tamthilia hii wana safu nzima ya pili ya meno makali inayoshuka kutoka kwenye ufizi. Andika "meno ya pili" pale chumba cha maiti, kisha "meno" tu baadaye.

Mahali wanapoishi. Kiingereza hutumia neno la kiota cha ndege au wadudu. "Kiota" kwa Kiswahili ni cha ndege, tena lina upole. Mpe Gordon "pango", ambalo sikio letu limelizoea likiandamana na wanyang'anyi, na umpe Sam "maskani" au "nyumbani kwao".

Kugeuzwa. Linafaa kwa mtu aliyefanywa vampaya na halihitaji maelezo.

Mwindaji. Libaki hivyo hivyo. Usilipambe kuwa "mpambanaji" au "shujaa", kwa sababu kazi ya uwindaji ndiyo inayohojiwa.

Kuhusu damu ya ng'ombe yenyewe, kuna jambo ambalo waandishi wa Marekani hawakuhitaji kulifikiria. Wamasai hunywa damu ya ng'ombe, na watazamaji wetu wanalijua hilo. Kwa mtazamaji wa Arusha au Kajiado, kundi linaloishi kwa damu ya ng'ombe halina uchafu wa peke yake. Kwa Mwislamu, kinyume chake, damu ni haramu kwa vyovyote. Usiongeze ufafanuzi, na usichague kitenzi cha kukirihisha kama "kufyonza" pale Lenore anapojieleza. Andika "tunakunywa" na "tunaishi kwa".

Umefaulu ikiwa kamusi yako inatosha ukurasa mmoja wa daftari na unaweza kuieleza kila chaguo lake.

## Hatua ya 5: Panga majina ya heshima

Dean ni mkubwa kwa Sam. Kiingereza husema "ndugu" bila kutaja umri, lakini Kiswahili chetu hupenda kujua. Dean anapomtambulisha Sam, andika "mdogo wangu". Sam anapomtaja Dean mbele ya wengine, "kaka yangu". Wanapoitana wao kwa wao, majina yabaki. Baba yao ni "baba", si "mzee", kwa kuwa "mzee" lina uchangamfu ambao msiba wao wakati huo haulingani nao.

Dada ya Gordon awe "dada yangu" tu. Sherifu aitwe sherifu. Ndugu hao wanapomwendea wakijifanya waandishi wa habari, "mkuu" linatosha. "Afande" lingemhamishia kituo cha polisi cha kwetu.

Matusi yapo machache. Manukuu husomwa sebuleni pamoja na wazazi, na neno lililoandikwa huumiza kuliko lililosikika. "Mshenzi" hutosha mahali pengi. Epuka "mwanaharamu", kwa sababu kwetu linamfikia mama wa mtu ambaye hayumo kwenye ugomvi.

## Hatua ya 6: Kagua muda wa faili kabla ya kutafsiri

Fungua faili la Kiingereza pamoja na video, na ulinganishe mstari wa kwanza na wa mwisho. Ikiwa wa kwanza uko sawa na wa mwisho umepotea, tatizo ni idadi ya picha kwa sekunde. Video nyingi za televisheni ya Marekani huwa na picha 23.976 kwa sekunde, na faili lililopangwa kwa picha 25 huachana nazo kidogo kidogo. Kwa sehemu ya dakika 42 tofauti hiyo hufikia takriban dakika moja na sekunde 43. Subtitle Edit ina amri ya kubadilisha kiwango hicho kwa faili zima, kwa hiyo usisogeze mistari mmoja mmoja kwa mkono.

Ikiwa mistari yote imechelewa kwa kiasi kile kile, sogeza faili zima kwa kiasi hicho.

Umefaulu ikiwa mistari mitatu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, inaonekana midomo inapofunguka.

## Hatua ya 7: Tafsiri, ukipunguza

Sasa anza. Fanya onyesho moja kwa siku badala ya kukimbilia mwisho, na usiruke na kurudi, ili jedwali la viambishi liwe mbele yako daima.

Mipaka ya kawaida ni mistari miwili kwa wakati, herufi zisizozidi 42 kwa mstari pamoja na nafasi, na muda usiozidi sekunde 7. Kwa mwendo wa kusoma, mimi hutumia herufi 15 kwa sekunde. Maneno yetu ni marefu, na neno kama "hawakutuambia" limebeba sentensi nzima, hivyo jicho linahitaji muda wa kulifungua.

Chukua mfano huu niliotunga: "Tuliwakuta wamekwisha kunywa damu ya ng'ombe." Bila nukta ni herufi 44 na unahitaji sekunde 3. Hauingii katika mstari mmoja. Ukate hivi:

Tuliwakuta wamekwisha kunywa
damu ya ng'ombe.

Usiukate baada ya "damu ya". Kiunganishi kisitengane na nomino yake, kwa sababu msomaji akifika mwisho wa mstari na "ya" hubaki ameshika kamba isiyo na mzigo. Vivyo hivyo usitenganishe jina na kivumishi chake, wala "kwa" na kinachofuata.

Ikiwa mhusika anazungumza haraka kuliko sekunde zinavyoruhusu, punguza hivi kwa mpangilio: ondoa kwanza maneno ya kuitana, kisha marudio, kisha vielezi. Kiambishi cha hatua ya tatu kiwe cha mwisho kabisa kuondolewa. Nimeona mafaili ambamo "tuviue" lilifupishwa kuwa "tuue" ili kuokoa herufi mbili, na kwa herufi hizo mbili onyesho zima likapoteza msimamo wake.

Maandishi ya skrini nayo hutafsiriwa. Mwanzoni utakuta neno la kuashiria yaliyopita na neno la kuashiria sasa. Andika "HAPO AWALI" na "SASA". Majina ya mahali yabaki yalivyo.

Sauti muhimu ziwekwe katika mabano ya mraba kwa ajili ya wasiosikia: [msumeno unanguruma], [muziki wa roki]. Mashairi ya wimbo usiyatafsiri, kwa kuwa yana mwenye haki wake tofauti.

Umefaulu ikiwa programu haikuonyeshi mstari wowote mwekundu wa kuzidi urefu au mwendo, na viambishi vyote vya jedwali vimesalimika.

## Hatua ya 8: Hifadhi faili, ukiangalia alama ya ng'ombe

Hifadhi kwa muundo wa SRT, yaani faili la kawaida la manukuu, na usimbaji wa herufi wa UTF-8. Kila kipande kiwe na namba, muda, maandishi, kisha mstari mtupu:

112
00:18:04,200 --> 00:18:07,200
Tuliwakuta wamekwisha kunywa
damu ya ng'ombe.

Sekunde na sehemu zake hutenganishwa kwa mkato, si kwa nukta.

Kiswahili hakina herufi za ajabu isipokuwa alama moja, ile ya ng'. Ukiandika tafsiri kwanza katika programu ya kuandikia barua kisha ukainakili, alama hiyo hugeuzwa kuwa ya kupinda, na baadhi ya vichezea video huionyesha kama takataka ya herufi tatu katikati ya neno. Katika sehemu hii ng'ombe hutajwa tena na tena, kwa hiyo dosari moja huenea faili zima. Tafuta alama zote zilizopinda na uzibadilishe kuwa ya wima kwa amri moja, kisha fungua faili kwenye simu na kwenye televisheni, si kwenye kompyuta yako peke yake.

Umefaulu ikiwa "ng'ombe" linasomeka sawa kwenye vifaa vyote viwili.

## Hatua ya 9: Wape watazamaji wawili, sauti ikiwa imezimwa

Waite wale watu wawili uliowaandaa. Zima sauti kabisa, washe manukuu, na ukae nyuma yao ili uone macho yao bila wao kukuona. Sauti ikiwepo, uigizaji wa Sterling K. Brown utafanya kazi ambayo ilitakiwa kufanywa na maandishi yako, na hutajua.

Angalia mahali wanapogeuza kichwa au kuuliza "amesemaje?". Andika muda wake, usijibu. Mahali hapo aghalabu huwa ni mstari mrefu mno au uliokatwa vibaya, na utaurekebisha kwa dakika chache.

Baada ya kutazama uliza maswali matatu tu. Nani alikuwa anakimbia msituni mwanzoni? Kwa nini Dean alimpiga Sam? Na Dean alianza lini kubadilika? Usiwatajie viambishi, wala usiwaongoze.

Wakikosea la kwanza, rudi hatua ya 1, kwa kuwa umetoboa mtego mapema au hukuueleza vya kutosha chumba cha maiti. Wakikosea la pili, rudi kwenye jedwali na ukague ugomvi wa ndugu hao mstari kwa mstari. La tatu ndilo kipimo chenyewe. Mtazamaji wangu mmoja, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuona tamthilia yoyote ya mazimwi, alinijibu akionyesha skrini kwa kidole: "Pale alipoacha kumwita kitu." Faili lako likipata jibu la namna hiyo, lifunge, ulipe jina lenye namba ya msimu na ya sehemu, na ulikabidhi kwa aliyekupa kazi.